Maswali ya wasomaji: Bakteria gani kaingia kwenye chakula, na maabara yenye vifaa vichache itamjuaje?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote ni chakula na tumbo. Joto la Tanga saivi kila mtu analijua, wali ukiuacha asubuhi mchana ushachacha, kwa hiyo sishangai. Nimechagua sita. Mimi kazi ya maabara nimeifanya miaka mingi, na sehemu kubwa ya hiyo miaka nilikuwa kwenye chumba cha kuoteshea bakteria, basi nitajibu kama ninavyoijua kwa mikono yangu.

Shikamoo mama. Mimi niko maabara ndogo ya kituo binafsi huku Muheza. Tuna hadubini moja, friji, jiko la gesi na presha kuka, inkubeta hatuna. Tumeulizwa kama tunaweza kupima vyakula vya mama lishe tukajua kuna bakteria gani. Bosi wangu anasema bila mashine ya PCR tusijidanganye. Ni kweli? – Binti wa maabara, Muheza

Marahaba mwanangu. Bosi wako hajakosea kusema PCR, mashine ya kutafutia vinasaba vya bakteria, ni nzuri, ila amekosea kuifanya ndo mlango wa kuingilia. Mashine yenyewe ukishainunua bado una vimeng'enya vya kuagiza, vinataka baridi kali muda wote, umeme ukikatika usiku mmoja mzigo umeharibika, alafu tena PCR ya kawaida inaona vinasaba tu, bakteria aliyekufa kwenye mafuta ya moto nae atakuonyesha yupo. Kwa chakula kilichopikwa hilo ni tatizo kweli.

Bakteria tunamtambua kama tunavyomtambua mgeni aliyehamia mtaani, huanzi na jina lake, unaanza kwao wapi, kisha ukoo gani, kisha nyumba ya nani, jina linakuja mwisho na mara nyingine wala hulihitaji. Kila swali moja la bei ndogo linakuondolea nusu ya watu.

Tuanze na vifaa. Inkubeta mnaweza kutengeneza, chukueni kasha la kuwekea barafu lile zito, wekeni balbu ndogo ndani na ile thamostati ya dijitali wanayouziwa watu wa kutotolesha vifaranga, alafu muhimu kuliko vyote tumbukizeni themometa kwenye chupa ya maji iwe inakaa humo siku zote, asubuhi na jioni mtu aandike kwenye daftari. Nyuzi 37 iwe 37, siyo "inakaribia". Presha kuka ikifika paundi 15 joto linakuwa nyuzi 121, dakika 15 zinatosha kwa midia nyingi (chakula cha kuoteshea bakteria), ila ihesabiwe kuanzia presha imepanda siyo kuanzia umewasha gesi, nimeona watu wengi wanakosea hapo. Na hiyo presha kuka toka siku hiyo isirudi tena jikoni kupika maharage, hilo halina mjadala.

Halafu kuna kitu kizuri ambacho wauzaji hawakwambii kwa sauti. Baadhi ya midia muhimu kabisa za kutafutia bakteria wa chakula haziingii kwenye presha kabisa, XLD ya kutafutia Salmonela na TCBS ya kutafutia Vibrio zinachemshwa tu kwenye sufuria mpaka ziyeyuke, ukizipiga presha unaziharibu.

Sasa sampuli. Gramu 25 za chakula kwenye mililita 225 za maji ya peptoni, nyuzi 37, usiku mzima kama saa 18 hivi. Usiruke hatua hii kwa haraka ya kupata majibu, bakteria aliyepita kwenye moto au chumvi au friza anakuwa ameumia, ukimpeleka moja kwa moja kwenye midia kali anakufa na wewe unaandika "hakuna" wakati yupo. Mpe usiku mmoja wa kujiuguza kwanza. Kwa Salmonela kuna hatua ya pili ya mchuzi wa kuchuja wenzake, ndo unakwenda kwenye sahani ya kuoteshea.

Sahani zenyewe ni ghali kwenu, kwa hiyo mkiwa mnahesabu tumieni mtindo wa matone wa Miles na Misra, ni wa toka mwaka 1938 na haujazeeka. Gawa chini ya sahani vipande sita kwa kalamu, kila kipande dondoshea matone ya maikrolita 20 ya kiwango kimoja cha sampuli iliyozimuliwa, acha yakauke, kesho hesabu koloni (vile vidoa vya bakteria walioota) pale zinapohesabika. Sahani moja imefanya kazi ya sahani sita.

Koloni zikiota ndo maswali yanaanza. La kwanza ni la Gram, rangi inayogawa bakteria makundi mawili, chanya na hasi, aliyoivumbua Hans Christian Gram mwaka 1884 na mpaka leo hakuna aliyeishusha. Rangi zikiisha msikae mkilia, chukua tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi, koroga koloni humo kwa sekunde chache kisha inua kijiti taratibu, ikivutika kama ute wa bamia huyo ni Gram hasi, isipovutika ni Gram chanya. Imeisha hiyo, hujatumia hata hadubini.

Akiwa Gram chanya na mviringo, mdondoshee haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Akitoa mapovu anaelekea kwenye stafilokoka, asipotoa ni streptokoka na ndugu zake. Tumia kijiti cha meno, maana lupu (kitanzi cha kuchotea bakteria) ya waya wa nikromu inaweza kutoa povu yenyewe ikakudanganya. Akiwa Gram hasi muulize oksidesi, yaani mpake kwenye karatasi yenye dawa yake, karatasi ikigeuka zambarau ndani ya sekunde 10 fikiria Vibrio, isipogeuka uko kwenye ukoo wa E. koli, Salmonela na Shigela. Koloni ya kipimo hiki isitoke kwenye sahani ya MacConkey, ile asidi na rangi yake zinavuruga.

Ukishafika kwenye huo ukoo tyubu tatu zinakutosha kwa kazi nyingi, KIA (agari ya sukari na chuma iliyogandishwa kwa mteremko), urea na laisini. Salmonela wa kawaida kwenye KIA anaacha mteremko mwekundu na chini njano yenye weusi, urea haigusi, laisini anaila. Protiasi nae anatoa weusi, ila urea anaigeuza waridi ndani ya masaa machache. Sitrobakta nae anatoa weusi, lakini laisini imemshinda. Umeona? Weusi peke yake hautoshi.

Na hapa niseme jambo linaloniuma hadi leo. Nikiwa bado kijana kwenye maabara moja niliyoanzia kazi, ililetwa sampuli ya samaki wa kukaanga wa mama mmoja, kwenye sahani ya SS (ya kutafutia Salmonela na Shigela) zikaota koloni zisizo na rangi zenye kitone cheusi katikati, kitabuni ndo picha ya Salmonela, urea siku hiyo ilikuwa imeisha na mimi nikaandika Salmonela. Yule mama akafungiwa meza yake. Wiki mbili baadae urea ilipokuja nikarudia kwa bakteria niliyemtunza, tyubu ikawa waridi kabla ya saa sita mchana. Protiasi. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi, akanipokea, lakini wateja wake wengine hawakurudi. Kwa hiyo mwanangu, kipimo cha urea ni ungaunga kidogo na tyubu moja, siku ukikikosa andika "haijathibitishwa" na usiandike zaidi.

Mwisho, kila mara unapopima, pima na bakteria unayemjua pembeni, mmoja wa kutoa jibu ndiyo na mmoja wa kutoa hapana. Ombeni kwenye maabara kubwa aina za rejea, E. koli namba ATCC 25922 karibu kila maabara kubwa anayo. Bila hivyo hujui kama tyubu imekataa kwa sababu ya bakteria au kwa sababu midia ni mbovu. Na sahani zikishasomwa zirudi kwenye presha dakika 30 ndo zitupwe, mnaootesha hapo siyo mboga. Majibu yenu myaite ya awali, ya kisheria kwa vyakula yanapita TBS, Shirika la Viwango, toka mwaka 2019 jukumu hilo liko kwao.

Dada, mi nauza maziwa mgando Ngamiani. Wamepita wakachukua kikombe, wakarudi wakasema yana kolifomu nyingi. Hiyo ni sumu? Na nikiyachemsha tena si zinakufa? – Mama Mgando

Dada yangu pole, na afadhali umeuliza. Kolifomu siyo sumu na siyo bakteria mmoja, ni kundi, wengine wanaishi kwenye majani na udongo, wengine kwenye utumbo wa ng'ombe na wa watu. Tunazihesabu kwa sababu zikiwa nyingi zinatuambia kuna mahali uchafu unaingia, mkono au kibuyu au maji ya kusuuzia. Wanaozihesabu kwa bei nafuu wanatumia tyubu zenye mchuzi uliotiwa sukari ya maziwa na ndani yake kichupa kidogo kilichopinduliwa, bakteria akila sukari ya maziwa anatoa gesi na gesi inanasa kwenye kile kichupa, wanahesabu tyubu ngapi zina gesi wanasoma kwenye jedwali. Wakitaka kujua kama ni za kinyesi wanarudia kwenye nyuzi 44, wengi wa porini pale wanashindwa, E. koli anaendelea. Kisha tone la kitendanishi cha indoli, pete nyekundu ikitokea juu ndo huyo. Kwa hiyo rudi uwaulize hivi, "ni kolifomu tu au mmefika kwenye E. koli?", ni majibu mawili tofauti kabisa na una haki ya kuyajua.

Kuchemsha mgando tena, hapana, utapata mabonge na maji. Ila kuna sababu kubwa zaidi. Stafilokoka akikaa kwenye maziwa yenye joto masaa kadhaa anatoa sumu, na hiyo sumu haivunjwi na kuchemsha, bakteria anakufa sumu inabaki na mtu anatapika vile vile. Yule anatoka puani na kwenye vidonda vya vidole, ndo maana ukiwa na jipu au kidonda mkononi mwachie mtu mwingine akamue na agandishe. Yachemshe maziwa yakiwa mabichi, yapoe haraka kwenye beseni la maji baridi, weka mgando wa kuanzishia ulio mzuri kwenye chombo kilichochemshwa, usiyaache tu yagande yenyewe kwa bahati.

Kama mnapokea maziwa kwa kikundi, waambieni pale kituo cha kukusanyia waweke kipimo cha methilini bluu. Mililita 10 za maziwa mabichi, mililita moja ya rangi, kwenye maji ya nyuzi 37, basi mnaangalia saa. Bakteria wakiwa wengi wanamaliza hewa iliyomo na bluu inapotea. Ikipotea kabla ya masaa mawili hayo maziwa ni mabaya, ikikaa sita mpaka nane ni mazuri. Jina la bakteria hakikupi, ila kinakwambia mzigo ni wa nani, na hapo ndo ugomvi mwingi wa kikundi unaishia.

Nauza juisi ya miwa karibu na stendi, barafu nanunua kwa mtu. Nawezaje kujua maji yake salama bila kulipia maabara kila wiki? – Kijana wa juisi

Mwanangu, uliza maabara yoyote ya maji kuhusu chupa za karatasi ya H2S (gesi yenye harufu kama ya kiberiti), zilitokea India mwaka 1982 na zilibuniwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ni kichupa kina karatasi iliyokaushwa na dawa, unayeyusha barafu unajaza mpaka alama unafunga, unaacha mahali pa joto na Tanga joto lipo la bure, maji yakiwa meusi ndani ya siku moja mpaka mbili kuna uchafu wa kinyesi ndani, badilisha muuzaji. Angalizo moja la kwetu huku, maji ya upande wa Amboni karibu na zile chemchemi za kiberiti yanaweza kuwa na hiyo harufu yake ya asili, yale yatakuwa meusi pale pale hata bila bakteria, ukiona weusi umekuja ndani ya dakika chache ni kiberiti, weusi wa bakteria unachukua masaa. Ikishageuka nyeusi usimwage sinki, tia Jik iache nusu saa kwanza.

Assalaam alaykum bibi. Sisi wachuuzi wa samaki na pweza tunaoshusha Deep Sea tunaambiwa bahari ina vijidudu vya kipindupindu. Sasa samaki wote si wanatoka baharini? Wanapimaje wakajua huyu wa kipindupindu na huyu siyo? – Mchuuzi, Sahare

Waalaykum salaam baba. Swali lako ni la maana na hata watu wa maabara wanalikosea. Vibrio ni ukoo mkubwa na kwao ni baharini, kumkuta kwenye samaki wa maji chumvi ni kama kumkuta Mdigo Tanga. Swali ni Vibrio yupi.

Maabara wanaweka sampuli kwenye maji ya peptoni yaliyofanywa makali ya magadi, wengine wote yanawachosha ila Vibrio anayapenda, baada ya masaa sita mpaka nane anakuwa kaelea juu, wanachota juu wanapaka kwenye sahani ya kijani ya TCBS. Kesho yake koloni za njano au za kijani. Wa kipindupindu anatoka njano. Sasa hatari iko hapa, kuna mwenzake wa baharini anaitwa Vibrio aljinolitikasi, wa kawaida sana kwenye samaki, na yeye ni njano vile vile! Mtu wa haraka akiona njano anapiga simu, mji mzima unaogopa samaki, wavuvi wanarudi na hasara.

Dawa yake ni chumvi. Chumvi tu baba. Unaotesha koloni ile kwenye tyubu isiyo na chumvi kabisa na kwenye tyubu yenye chumvi asilimia 8. Wa kipindupindu anaota bila chumvi na kwenye asilimia 8 anashindwa. Aljinolitikasi bila chumvi haoti, kwenye 8 anaota hadi kwenye 10. Na yule wa kijani anayeharisha watu kwa samaki wabichi, Vibrio parahemolitikasi, nae bila chumvi hawezi, kwenye 8 yuko sawa. Tyubu mbili na chumvi vimewatenganisha. Akionekana ni yule anayeota bila chumvi ndo sasa wanatafuta kingamwili ya O1 ya kumthibitisha, na taarifa inapelekwa kwa mganga mkuu siku hiyo hiyo, hapo hakuna kusubiri.

Huyo parahemolitikasi msimdharau. Aligunduliwa Osaka, Japani, mwaka 1950, watu 272 waliugua na 20 walikufa, na chakula chenyewe kilikuwa vidagaa vilivyokaushwa nusu. Nikiona dagaa wameanikwa jioni bado wana unyevu na wanaingizwa kwenye mifuko, nakumbuka habari hiyo. Kwa upande wenu barafu kuanzia kwenye ngalawa, pweza aive vizuri, na kisu na ubao wa pweza mbichi usirudi kwenye pweza aliyeiva, pale kwenye meza za supu ndo naona mchezo unapoharibikia.

Mwalimu, mi nasoma kozi ya maabara, agari ya kuagiza bei imepanda sana na nasikia inatokana na mwani. Mama yangu analima mwani Mkinga. Hatuwezi kutengeneza yetu? – Mwanafunzi, Chumbageni

Swali hili nimelipenda mno. Agari kuingia maabara ni fikra ya mwanamke aliyeitoa jikoni, Fanny Hesse, mwaka 1881, mume wake Walther alikuwa anafanya kazi kwa Robert Koch na gelatini yao ilikuwa inayeyuka kwenye joto na bakteria wengine wanaila, Fanny akamwambia mbona mimi jeli zangu haziyeyuki, natumia agari. Inayeyuka karibu na nyuzi 85 na ikishaganda hairudi maji kwenye 37, ndo siri yake.

Lakini mwani wa mama, kama ni spinosamu au kotonii kama unaolimwa pwani yetu, hautoi agari, unatoa karajini. Ni ndugu, ila ya spinosamu inaganda laini mno huwezi kuchora na lupu juu yake, ya kotonii inakuwa ngumu ukiitia chumvi ya potasiamu, na hiyo watu wameijaribu kuoteshea bakteria. Agari yenyewe inatoka kwenye mwani wa aina nyingine, jelidiamu na grasilaria. Kwa sasa njia iliyo karibu na wewe ni chaina grasi, ile ya kutengenezea jeli mwezi wa Ramadhani, hiyo ni agari ya chakula. Jaribu kwenye mazoezi, iyeyushe, ichuje kwa kitambaa, uone inaganda kwa kiasi gani, alafu otesha bakteria yule yule kwenye agari ya maabara na kwenye hii uhesabu. Zikilingana umepata, zisipolingana usiitumie kwa sampuli ya mtu. Na kama unatafuta mada ya utafiti wa mwisho wa kozi, kotonii ya mama yako ni mada nzuri kuliko zile ninazoziona zinarudiwa kila mwaka.

Bi mkubwa shikamoo. Harusi ya mdogo wangu pilau liliiva asubuhi likaliwa saa mbili usiku. Kabla ya saa tano watu kama kumi na tano walishaanza kutapika, wengine kesho yake jioni wakaanza kuharisha na homa, binamu yangu mmoja hospitali wamemkuta na Salmonela. Sasa familia inataka kumdai mpishi. Kuna njia ya kujua kama bakteria wa binamu ndo wa kwenye chakula? Hela ya vipimo vikubwa hatuna. – Kaka wa bwana harusi, Makorora

Marahaba baba, na poleni sana. Kipimo cha kwanza ni saa, na umenipa mwenyewe bila kujua. Waliotapika ndani ya masaa matatu siyo Salmonela, huyo anataka masaa sita kwenda juu, mara nyingi 12 mpaka 36. Kutapika haraka hivyo ni sumu iliyokuwa imeshatengenezwa kwenye chakula, stafilokoka wa mikononi au basili wa kwenye wali, yule ana mbegu zisizokufa kwa kuchemka, wali ukikaa vuguvugu kutwa nzima mbegu zinaamka. Wa kesho yake wenye homa ndo wanafanana na Salmonela. Inawezekana kabisa mlikuwa na mambo mawili kwenye harusi moja, na la pili huenda halikutoka kwenye pilau, linaweza kuwa kachumbari, mayai, hata kuku aliyetolewa nyumba nyingine. Kaeni na daftari, kila mtu aliyekuja, alikula nini, aliumwa saa ngapi, na wale ambao hawakuumwa pia waandikwe, hao ndo watu wanawasahau wakati jibu liko kwao. Kama wote walioumwa kesho yake walikula kachumbari na wasioumwa hawakula, hujalipa hata senti na umeshajua pa kutafuta.

Mabaki ya chakula kama yapo kwenye friji msitupe. Maabara ya kawaida inaweza kuhesabu basili na stafilokoka. Kwa basili wanatumia sahani yenye kiini cha yai, na kiini chenyewe wanaweza kukitoa kwenye yai la dukani lililosafishwa kwa spiriti, koloni zake zinazungukwa na ukungu mweupe. Kwa stafilokoka sahani yenye chumvi asilimia 7.5 na manito (aina ya sukari), anaigeuza njano, kisha anapimwa kama anagandisha plazma ya sungura. Wakifika laki moja au zaidi kwa gramu moja hapo mna hoja. Wakiwa mia mbili, hapana, kiasi hicho unaweza kukikuta kwenye chakula kisichoumiza mtu.

Sasa swali lako lenyewe, wa binamu na wa chakula ni mmoja? Kusema "wote ni Salmonela" hakutoshi baba, Salmonela ana aina zaidi ya 2,500 zinazotenganishwa kwa kingamwili, ni kama kusema mwizi ni mtu wa Tanga. Njia ya bei ndogo ni kulinganisha vidonge vya karatasi vya dawa, mtindo wa Kirby na Bauer wa mwaka 1966, unaweka bakteria wa mgonjwa sahani moja na wa chakula sahani nyingine, dawa zile zile, unapima kwa rula miduara ambayo bakteria hakuota. Kipimo hiki hospitali inakifanya hata hivyo ili kujua dawa ya kumpa mgonjwa, kwa hiyo mnachoomba ni wasome mara mbili. Miduara ikitofautiana sana, mmoja anastahimili dawa nne na mwingine hastahimili hata moja, kuna uwezekano mkubwa ni bakteria tofauti. Ila ikifanana usikimbilie kusema ni yule yule, wapo wengi wasio na usugu wowote na wote watafanana. Hapo ndo wanapandisha kwenye kingamwili, kisha kama kuna maabara ya chuo yenye PCR wanaweza kulinganisha mistari ya vinasaba, na juu kabisa kusoma vinasaba vyote kama wanavyofanya Marekani kwenye mtandao wao wa PulseNet.

Juu huko hamna haja ya kufika leo. Cha kufanya leo ni kuomba bakteria wa binamu asitupwe. Watu wa hospitali wana kazi nyingi, sahani zinakaa siku chache zinachomwa, na akishachomwa hakuna mashine duniani ya kumrudisha. Waombe wamchome kwa sindano kwenye kichupa cha agari laini, wakaze kifuniko, waandike tarehe, wamweke kabatini gizani. Salmonela kwenye kichupa hicho anakaa miezi mingi bila friji. Na chakula nacho wakimpata Salmonela, wamtunze vile vile, vichupa viwili pamoja, siku hela au msaada ukipatikana mnavitoa.

Huyo mpishi mpigieni simu leo, mwambieni majibu hayajatoka. Muulizeni pia kwa upole pilau lilitoka motoni saa ngapi na lilikaa kwenye nini, hiyo mnaihitaji kwenye daftari.